Baba Amina, Nyumba Yako Wameigeuza

Baba Amina,

Salamu utazipata mwishoni. Kwanza nitoe hili lililonikaa kooni, maana nikianza na "sisi hatujambo" nitakuwa nakudanganya, na wewe uongo wangu ulikuwa unaujua hata nikiwa nimekupa mgongo.

Nyumba yako imejengwa. Usifurahi. Imejengwa Kinindo, si kwenye parseli yetu, kile kiwanja cha Kanyosha, na wanaokaa ndani si sisi. Aliyeijenga ni Dezire. Ndiyo, Dezire yuleyule, asosie wako, mshirika wako wa kuchora majumba, rafiki yako wa tangu shule ya Ngagara, mwanaume niliyemwita shemeji na kumtengea paja la kuku mbele ya mtoto wetu. Alisimamisha kibao barabarani, jina lake kwa herufi nyekundu, kwamba yeye ndiye aliyeibuni. Jina lako halikuwepo, hata kwa herufi ndogo.

Ukiona mwandiko umepinda usidhani ni machozi. Machozi nilishamaliza. Hii ni hasira, na leo nataka uisikie yote, kwa sababu ukiwa hai ulikuwa unaniambia, "Zaina, punguza moto." Sasa huwezi kuniambia.

Wewe uliondoka katikati ya mambo, kwa hiyo ngoja nikusimulie. Siku ya hitima yako mi nilikuwa ndani na wanawake, nguo nyeupe mwilini, eda imeshaanza. Nje wanaume wamejaa chini ya hema. Dezire akaingia kwenye kile chumba chetu cha kazi, akakaa kidogo, akatoka na maketi. Ile nyumba ndogo ya karatasi ngumu, Baba Amina, tuliyoitengeneza sisi wawili kwa katoni za sabuni, wewe ukikata, mi nikigundisha, tukigombana kuhusu upana wa mlango wa jikoni. Akaikumbatia kifuani, akapita nayo mchana kweupe katikati ya watu. Watu wakasogeza viti apite! Wakasema, masikini, rafiki wa marehemu, anatusaidia kuhifadhi vitu.

Mi nilimwona kwa dirisha. Mwanamke aliye kwenye eda hatoki kukimbizana na mwanaume uani, na yeye alilijua hilo. Si Mwislamu, lakini amefuturu kwetu Ramadhani ngapi, eda anaijua vizuri kuliko vijana wengi wa hapa Buyenzi. Alichagua siku ambayo mi siwezi kumshika shati.

Unakumbuka Amina alivyokuwa ameweka maharagwe ndani ya maketi, kila haragwe mtu mmoja? Wewe lile jeusi, mi lile lenye madoa, Bibi yake, mama yako, lile jeupe kubwa lililokaa sakafuni kwenye dirisha la chini. Dezire alipokuwa anapita, maharagwe yakamwagika uani. Hakugeuka. Mtoto akayaokota moja moja kati ya viatu vya waombolezaji, akayatia kwenye kopo la maziwa, na mpaka leo haruhusu mtu aliguse.

Plani zenyewe Dezire hakuzipata. Zilikuwa chini ya godoro lako, ulikotaka ziwe ulipoanza kuumwa, ili uzichungulie ukiwa umelala. Yeye alibeba kile kinachopendeza macho. Na maketi, wewe unajua na mi najua, haina jua wala upepo. Ukiiweka mezani unaweza kuizungusha upande wowote, yenyewe haisemi kitu.

Hapo ndipo alipojiroga mwenyewe.

Kwa sababu hakuwahi kukaa nasi kwenye parseli. Sisi tulikuwa tunakwenda na chetezo cha Bibi. Asubuhi unachoma ubani, unatembea polepole kutoka pembe hadi pembe, na mi nyuma yako na vijiti, pale moshi unapolalia nachoma kijiti. Tunarudi jua likiwa kichwani, tunarudi tena jioni. Mafundi walitucheka wakazoea. Mchana moshi ulitoka upande wa ziwa ukaenda milimani, na giza likianza kuingia ukageuka, ukashuka kutoka milimani ukaenda ziwani, na wewe ulipiga makofi peke yako katikati ya nyasi kama mtu aliyeona goli. Ukaniambia, "Zaina, nyumba yetu tutailaza kwenye njia ya huyu mgeni, aingie mlango mmoja atoke mwingine, asitulipishe kitu."

Siku hiyo Dezire alikuja, akabaki ndani ya gari vioo vimefungwa, klimatizeri inampulizia baridi usoni. Akashusha kioo kidogo tu akasema, "Ee Hamisi, unapima parseli ao unafukuza mashetani?" Mkacheka wote wawili. Mi sikucheka. Nilikuwa simpendi tangu siku hiyo, na sasa niko huru kusema.

Kwa hiyo yeye hakujua kwamba upande mfupi wa nyumba ndio unaotakiwa kutazama ziwa, na ule mwingine mfupi milima, koridori katikati ya kupitisha upepo. Hakujua kwamba kuta ndefu tulizigeuzia mbali na jua linalochomoza na jua linalozama. Hakujua yale madirisha ya chini, yanayoanzia sakafuni, yalikuwa ya kuingiza hewa ya baridi kutoka chini ya migomba, na matundu ya juu chini ya paa ya kutolea hewa ya moto. Aliyaona tu, akasema yanapendeza.

Nilipotoka eda nilioga, nikavaa, nikapanda teksi mpaka Kinindo, nilikosikia anajenga, hata kwa mama yangu nilikuwa sijafika. Fondasio, msingi wenyewe, ilikuwa imefika magotini. Nikasimama ng'ambo ya barabara na mtandio usoni, nikatazama, na, Wallahi, nilitaka kucheka. Nyumba yako ilikuwa imelazwa ubavu! Upande mrefu wote, na madirisha yake yote, umetazama ziwa, ili mwenye nyumba akae salo, sebuleni mwake, aone maji. Na wewe unalijua jua la Bujumbura la mchana, likishavuka kichwa linasimama juu ya ziwa, linakutazama machoni mpaka magharibi.

Ningeweza kusema. Fondasio ya magotini inavunjika, mafundi wangenuna siku moja tu. Kuna mwanamke anayeogopa Mungu kuliko mi ambaye angevuka barabara. Mi nilisema moyoni, jenga, shemeji. Jenga mpaka juu, weka na bati. Nikarudi nyumbani, nikapika wali, nikala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ulale mchangani. Najua ungenigombeza. Nigombeze, nitafurahi kukusikia.

Na usiniambie kwamba ni rafiki yako. Nikukumbushe rafiki yako. Ule mwezi wa mwisho, ulipokuwa umelala kwenye godoro pale salo, chini ya bati letu, umeme hakuna, saa za mchana chumba kinawaka. Mi na Bibi tulikuwa tunapokezana kukupepea na ule upepeo wa majani wa kupepelea mbabula, jiko letu la makaa, hatuna mwingine. Mkono ukichoka nabadilisha. Ulikuwa unasema "punguza jua, Zaina," na mi jua nitalipunguza na nini? Dezire alikuja kukutazama. Akafika mlangoni, joto likampiga, akarudi hatua nyuma. Akasema, "Uku ndani joto, Mama Amina, mi nabaki apa inje." Akakaa kwenye kiti chini ya ukuta wa jirani, kivulini, akanywa fanta baridi, akaenda. Kila alipokuja alibaki nje. Ulikufa ukiuliza kama Dezire amefika, na nilikujibu amefika, kwa sababu alikuwa amefika. Sikukwambia wapi.

Sasa sikiliza tamu yake.

Wenye nyumba ni Bi Shamsa na mume wake, wale wa duka la zamani la vitambaa kule mjini, unawajua, babu yao alikuja na Waarabu wa kwanza. Watu wazuri, hawana kosa, walimwamini injinia wao. Nyumba ilipokwisha wakaitisha dua ya kuhamia. Bi Shamsa akanitumia ujumbe mwenyewe: "Mama Amina, uje na ubani wako, wako hauumizi kichwa." Hakujua ameita nani. Nikachukua chetezo cha Bibi, kilekile cha Kanyosha, nikakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa.

Tumefika baada ya sala ya alasiri. Salo kubwa, vigae vinateleza, na ukuta mzima wa kioo kisichofunguka, maana Dezire alifunga kila kitu ili baridi ya klimatizeri isitoke. Hata matundu yako ya juu aliyaziba kwa kioo. Ziwa linaonekana lote, sikatai, ni zuri. Dezire yuko na suti ya buluu, anapokea pongezi. Aliponiona akasema, "Mama Amina, eeh, kumbe na we umekuja." Nikamwambia, "Nimeitwa, shemeji."

Sheikhe ameanza kusoma, umeme ukakatika. Ile mashine ukutani ikalia mara moja ikanyamaza. Mtu akakimbilia grupu, ile jenereta ya nje, grupu haina esansi, na siku hizi esansi unaijua wewe, watu wanalala kwenye foleni. Bi Shamsa akanong'ona, "Tuendelee tu." Jua likaingia kwa kile kioo lote kwa mara moja. Nikaona migongo ya wanaume inalowa kanzu, wanawake wanalegeza mitandio. Na mi nikaingia katikati na chetezo, taratibu, bismillahi, nikakiweka chini pale pale ambapo kwenye maketi lilikuwepo haragwe la Bibi.

Moshi ukapanda wima. Baba Amina, haukuyumba hata kidogo! Ukafika juu ukagonga dari, ukatafuta tundu, hakuna tundu, ukatambaa, ukaanza kushuka. Sheikhe akakohoa katikati ya aya, akaomba radhi, akakohoa tena. Watoto wakaanza kulia macho. Ikabidi tutoke nje wote, dua ikamaliziwa kwenye uwanja, kivulini mwa gari lililoleta viti vya kukodi.

Bi Shamsa akamgeukia Dezire mbele ya watu. Akamuuliza, "Injinia, yale madirisha ya chini, mbona yanatuletea moto miguuni? Yalikuwa ya nini?" Akajibu, "Ni stili, Madame. Ni moderni." Hapo, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema kwa sauti ya kusikika na walio barabarani: "Apana. Si stili. Ni ya mama mkwe wangu. Magoti yake hayamruhusu kukaa kitini, anakaa kwenye mkeka kutwa, na mume wangu alitaka upepo umfikie pale alipo. Muulizeni injinia alipima kimo cha nani." Kila mtu akamtazama Dezire.

Nikaendelea, kwa nini niache? Nikawaambia nyumba hii ni ya Hamisi wa Buyenzi, ilitoka kwangu siku ya hitima nikiwa kwenye eda, na huyu aliyeibeba hata hakujua kichwa cha nyumba kiko wapi. Nikawaambia plani ninazo, atakaye aje azione. Wale waliokuwa chini ya hema siku ile wakakumbuka. Mzee mmoja aliyekuwa amesogeza kiti ili Dezire apite akasema, "Yoo, na mimi nilimpisha." Dezire aliondoka bila kula biriani, na kibao kikang'olewa siku hiyohiyo.

Bi Shamsa ananipa kazi sasa. Nyumba haiwezi kugeuzwa, lakini mi najua ulivyofikiri. Tumevunja kile kioo. Mbele yake tumejenga baraza pana lenye ukuta wa matofali ya matundu, yale ya udongo wa kushindilia uliyoyapenda, yasiyochomwa, na matundu ya juu yamefunguliwa, na vigae vya uani tumeng'oa tukapanda migomba. Mashine mbili zimeshushwa ukutani. Ziwa sasa wanaliona kwa vipande vipande kupitia matundu. Ule mwonekano wa ziwa ambao Dezire aliiuza nyumba yako kwa ajili yake nimeufunga kwa mkono wangu, na jina lako nimelichonga getini. Herufi kubwa.

Ungedhani nimeridhika. Nami nilidhani hivyo.

Juma lililopita, saa tisa mchana, Dezire amekuja Buyenzi kwa miguu. Gari halina esansi. Kumbe, Baba Amina, ile maketi aliipenda sana, na kabla hata ya kuwajengea kina Bi Shamsa alikuwa ameanza kujijengea yake! Ileile, kwenye kilima, imelazwa ubavu vilevile, inatazama ziwa na madirisha yote. Wamehamia. Akasimama mlangoni kwangu anajipangusa shingo. "Mama Amina, nisaidie. Batoto abalale usiku, joto. Mama batoto anasema atarudi kwabo. Nionyeshe tu vile unafanya kwa Shamsa, mi nitafanya."

Nikamwambia karibu. Akasogeza kile kiti, unakijua, kukipeleka nje kivulini. Nikasema, "Apana, shemeji. Leo hubaki inje. Ingia." Nikamkalisha pale ulipokuwa umelala, sakafuni, chini ya bati. Nikamletea chai imetoka motoni, kwa adabu zake akaishika. Jasho likamtoka kwenye kope. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake, akamtazama, tasbihi inatembea.

Nikaenda jikoni nikarudi na upepeo. Nikamwekea mkononi. Nikamwambia, "Huu ndio uliokuwa unampepea rafiki yako wewe ukinywa fanta. Pepea."

Akapepea. Mwanzo haraka, halafu polepole, halafu akabadilisha mkono. Mi nilikaa mbele yake nikimtazama. Alipobadilisha mkono mara ya pili akaanza kulia, injinia mzima, akaita jina lako. Nikakasirika zaidi, kwa sababu machozi yale yalikuwa yako, ulipaswa kuyapata ukiwa hai, hapo hapo alipokaa. Nilisubiri moyo ulainike. Haukulainika. Ilipoadhiniwa alasiri nikamwambia inatosha. Akauliza, "Sasa utanionyesha?" Nikamwambia, "Apana." Nikanyoosha mkono akanirudishia upepeo, kwa sababu huu unabaki hapa, na akaenda kupanda kilima chake.

Bibi ndiye aliyesema, "Wewe mtoto una roho ngumu." Halafu akaomba nimwongezee chai.

Kanyosha tumeanza. Nilipima upya kwa chetezo, mi mbele sasa, Amina nyuma na vijiti, na moshi umelalia palepale ulipolalia kwako. Upande mfupi kwa ziwa, upande mfupi kwa milima. Tangi la maji ya mvua liko nyuma, na sahani za jua za kuleta umeme zitapanda juu ya paa la jikoni kama ulivyochora. Siku ya fondasio Amina alikuja na kopo lake akatia kila haragwe chumbani mwake. Akabaki na lile jeusi mkononi. Akaniuliza, "Na Baba nimuweke wapi?" Nikageuka nikajifanya natafuta kamba. Akaliweka mwenyewe kwenye mdomo wa koridori, upande wa ziwa. Akasema, "Apa atakuwa anaingia."

Basi salamu zako hizi hapa. Bibi anakusalimu, magoti yake yaleyale. Amina anakusalimu, amekuwa mrefu, mapengo tuliyoachia madirisha ya chini anayaruka. Mi nakusalimu kwa mkono uleule uliokupepea, bado unauma upande mmoja. Lala, mume wangu, Mungu akupanulie ulipo na akuingizie hewa. Ahadi yangu ni hii: siku tutakayohamia nitachoma ubani salo, nikiuona moshi unapita mbele ya Bibi na kutoka, upepeo huu nautia kwenye mbabula, uungue, ili katika nyumba yako mtu asipepewe tena.

Dezire anatuma watu kila Ijumaa kuniomba. Nawapa chai, nawauliza hali za watoto. Halafu nawaambia apana.

Mama Amina wako,
Zaina